Jenoveva Wankyo, Katibu wa Umoja wa Kutafutana

Baba Paroko, wazee wetu wa Mugango na wa Butiama, majirani wa Mwigobero, na nyinyi mliovuka maji toka Rukuba na kambi nyingine za wavuvi kuja kumsindikiza mama yetu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, maana huu si msiba wa familia peke yake. Kazi ya kusoma karatasi hii ilikuwa ya baba yetu mdogo, Thadeo Maregesi, kama desturi inavyotaka, lakini ameniachia mimi, Esta, mtoto wa kwanza wa marehemu, akisema kwamba ipo sehemu ya historia hii ambayo mtu asiyelala ndani ya nyumba ile hawezi kuisoma sawasawa. Nitajitahidi nifike mwisho, na mkiona nimesimama katikati mnivumilie.

Marehemu Jenoveva Wankyo alizaliwa tarehe 3 Juni 1944, katika kijiji cha jirani na Butiama, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nyamhanga na Mama Bhoke, wafugaji na wakulima wa mtama na ulezi. Wajomba wanasimulia kwamba tangu angali mdogo alimjua kila ng'ombe wa baba yake na mama wa ng'ombe huyo, na jioni mifugo ikirudi zizini mzee hakuwauliza wachungaji, alimwuliza Wankyo nani hajarudi, naye alitaja bila kukosea. Kazi yake ya maisha, tukiitazama leo, alianza kuifanya mlangoni mwa zizi la baba yake.

Alisoma shule ya msingi Butiama kuanzia mwaka 1953 hadi 1956, kisha shule ya kati ya wasichana ya masista, upande wa Musoma, mwaka 1957 hadi 1960, na huko ndiko alikopata mwandiko ule mliouona kwenye barua zenu, wa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Mwaka 1962 alikwenda Mwanza kwa mafunzo ya ukarani, na Januari 1963 aliajiriwa masjala katika ofisi ya chama cha ushirika mjini Musoma, akitunza mafaili na kupokea barua, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu hadi vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 na yeye akarudi nyumbani pamoja na wenzake. Alitoka pale bila kitu cha kuonesha mtu, isipokuwa imani moja ya watu wa masjala, kwamba jambo lililoandikwa mahali pake limekwisha kusemwa. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu limetugharimu.

Alifunga ndoa takatifu na marehemu baba yetu, Clementi Maregesi wa hapa Mugango, fundi wa mashine za mitumbwi, siku ya Jumamosi tarehe 17 Julai 1971, katika kanisa la parokia mjini Musoma, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule pale Mwigobero, juu kidogo ya soko. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi niliyezaliwa tarehe 9 Februari 1973, Florian aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1976, na Pelagia, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1981, ambaye hakumwona baba yake wala baba yake hakumwona yeye.

Siku ya Jumatatu tarehe 9 Machi 1981 baba alivuka kwenda Rukuba kutengeneza mashine, akiwa amevaa ovaroli ya bluu iliyoshonwa kiraka cheusi gotini, hali ya hewa ikachafuka wakati wa kurudi, na mtumbwi ule hatukuuona tena. Mama, akiwa na mimba changa, alimtafuta kwa siku kumi na tisa, toka ofisi hadi ofisi na toka ufuko hadi ufuko, na katika ofisi moja ambayo familia imeamua isitajwe alikaa kwenye benchi asubuhi nne mfululizo, akitazama watu wenye jamaa zao ndani wakizungukia nyuma, wakipitia mlango wa ndani, na kutoka wakiwa wamekwisha kusikilizwa. Zamu yake ilipofika tarehe 28 Machi, karani alivuta mtoto wa meza na kutoa karatasi iliyoletwa na wavuvi tangu tarehe 11, iliyosema wamempata mtu mzima, mwanamume, ovaroli ya bluu, kiraka cheusi gotini, spana mfukoni, wamemzika ufukoni kwa heshima, anayemfahamu ajitokeze. Karatasi hiyo ilikuwa ndani, mama alikuwa nje, na kati yao palikuwa na ukuta tu.

Wengi walitegemea kwamba mama atalia, anyamaze na kulea. Alilia, nami nilimsikia, lakini hakunyamaza. Alisema kwamba ziwa halikosi adabu, ziwa hurudisha, ila sisi wa nchi kavu ndio hatujui kupokea, kwa sababu anayeokota hajui nani anatafuta, na anayetafuta hajui nani ameokota. Tarehe 4 Julai 1981, pamoja na Mzee Apolinary Machage aliyekuwa mwenyekiti tangu siku hiyo hadi leo, na wenye mitumbwi sita wa Mwigobero, aliunda Umoja wa Kutafutana, chama cha hiari kisicho na mshahara kwa mtu yeyote, na kwa kuwa hapakuwa na chumba cha kupanga wala fedha za kupangia, ofisi ikawa sebule yetu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Aliyepotelewa na mtu alifika, akaandikwa katika kitabu cha wageni chenye sehemu sita, yaani tarehe, jina lake, atokako, anamtafuta nani, hatua iliyochukuliwa, na mwisho kabisa neno amepatikana na sahihi, na sahihi hiyo haikuwa ya katibu, ilikuwa ya mtafutaji, kwa sababu mama alisema mtafutaji ndiye anayejua kama amempata mtu wake. Kila mtumbwi uliotoka Mwigobero ulibeba nakala ya majina ya wanaotafutwa, na ulirudi na habari za waliookotwa, wagonjwa waliolala kambini, na waliokufa. Hiyo ndiyo miaka ambayo sabuni ilikuwa habari ya mji, daftari halikuonekana, na sanda yenyewe ilitolewa kwa kibali, hivyo nakala ziliandikwa nyuma ya karatasi za mitihani tulizopewa na walimu, na vibali vya sanda mama alivifuatilia yeye mwenyewe, ili watu walioletwa na maji wasizikwe na nguo zao zenye tope.

Tusilie tu, kwa sababu na kicheko kilikuwepo. Si kila aliyepotea alikuwa amekufa, na wazee wa hapa wanawajua wanaume watatu waliotafutwa na wake zao kwa machozi, wakakutwa kambini wamejenga, wana mke mwingine na kuku, na mama hakuwaaibisha, aliandika tu katika sehemu ya hatua kwamba amepatikana, mzima kupita kiasi.

Sasa niwaeleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu ndimo yalimo maisha yetu. Kila asubuhi saa moja na nusu mama alivua kanga, akavaa gauni la kazi na viatu, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba yote kwa miguu, akapita uani na penye mpapai, akapanda kibarazani, akawasalimia waliokaa kwenye benchi, akafungua mlango wa mbele na kuingia sebuleni kwake kama mtu aliyefika kazini toka mbali. Mlango wa ndani, ule wa kutoka vyumbani kwenda sebuleni, ulifungwa kwa komeo upande wa ofisi mpaka saa sita na nusu mchana, alipozunguka tena na kuturudia, kisha mchana akashinda na dagaa zake sokoni, ambazo ndizo zilizotulisha. Majirani walicheka mwanzoni, wakasema Mama Esta anasafiri kwenda sebuleni, lakini mama alikuwa ameapa kwamba katika ofisi yake hatapita mtu kwa mlango wa ndani, awe nani, na aliyekaa kwenye benchi hataona mwingine akimtangulia kwa kuwa ni ndugu. Mwaka 1985 Florian aliingia mbio kwa mlango wa mbele akidai chai, mama akamtoa mbele ya watu, akamwambia, "Hapa ofisini hakunaga mama, kuna katibu, kakae kwenye benchi kama wenzako." Watu walicheka, Florian akakaa benchini, na mimi niliyekuwa nachungulia nikajifunza.

Nilijifunza vizuri kupita kiasi, na hapa ndipo nilipowaomba mnivumilie.

Siku ya Jumamosi tarehe 15 Machi 1986, mdogo wetu Pelagia, mwenye miaka minne na miezi mitano, ambaye usiku wake alikuwa na homa kidogo na asubuhi akaonekana nafuu, alianza kuchemka saa tatu. Mama alikuwa ofisini, Florian alikuwa amepeleka mahindi mashineni, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niligonga mlango wa ndani mara moja, kwa uoga, hakuna aliyejibu, nikamfunika Pelagia kitambaa cha maji, nikaizunguka nyumba kama mama alivyozunguka, nikakuta benchini watu wawili, mzee aliyemtafuta mwanawe na mama mmoja toka Bunda, nikakaa nyuma yao. Kitabu kilikuwa kibarazani siku hiyo ili watu wajiandike wenyewe. Nikajiandika. Jina, Esta Maregesi. Atokako, jikoni. Anamtafuta nani, mama.

Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Mzee yule alikuwa na maelezo marefu, na mama hakumkatisha mtu aliyepotelewa. Mara mbili nilikwenda jikoni na kurudi, na mara zote mbili sikupiga kelele, na swali la kwa nini sikupiga kelele nimelibeba hadi leo. Zamu yangu ilipofika mama aliniona, akausoma mstari wangu, akatabasamu kwanza, halafu akanitazama usoni. Alipofika jikoni mtoto alikuwa anapigwa na degedege. Jirani alitupakia kwenye baiskeli hadi hospitali, madaktari walimpokea na kumhangaikia usiku kucha, malaria ilikuwa imepanda kichwani, na Pelagia alifariki alfajiri ya Jumapili tarehe 16. Daktari hakusema tumechelewa, wala hakusema tumewahi.

Mbao hazikupatikana mjini wiki ile. Fundi Alfonce alizunguka kote akarudi mikono mitupu, na mama aliinuka, akamwonesha mlango wa ndani, akasema ung'olewe. Jeneza la mdogo wetu lilitengenezwa kwa mlango ule, akazikwa hapa Mugango, mahali ambapo leo tumemchimbia mama yake ubavuni. Siku ya tisa mama alifungua ofisi. Hakuzunguka tena nyumba. Alipita moja kwa moja pale palipobaki uwazi, na hata mbao ziliporudi madukani hakuweka mlango mwingine, wala pazia, na mtoto yeyote wa mtaa aliingia akamwita mama katikati ya kazi na akaitikiwa.

Mtoto pekee ambaye hakuingia alikuwa mimi. Mama hakunilaumu na hakuniambia kwamba hanilaumu, na mimi nilikichukua kimya kile nikakitafsiri nilivyoweza, kwamba mama ananiona mimi ndiye niliyemwacha Pelagia jikoni. Nilipomaliza darasa la saba niliomba kwenda kwa shangazi Susana, Nyasura, Bunda, nikasoma huko sekondari, nikasomea ualimu, nikaajiriwa huko huko mwaka 1993. Nyumbani nilikuja Krismasi na misibani, nikapitia mlango wa jikoni, nikaondokea mlango wa jikoni. Sebule ile sikuikanyaga kwa miaka minane na zaidi, na nasema haya mbele yenu kwa aibu.

Umoja uliendelea kukua bila mimi. Ilipofika miaka ya tisini vitu vilijaa madukani, na mashirika nayo yakajaa mjini, yenye magari, semina na vibao vya rangi, na baadhi ya wajumbe wetu, kwa nia njema, walitaka nao wapange chumba ghorofani. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu, "Mtu aliyepotelewa hapandagi ngazi kutafuta kibao, anaulizaga sokoni, na sokoni wanamwelekeza kwangu." Mzee Apolinary anasema hoja ile ilikufa hapo hapo, na aliyeitoa ndiye aliyeomba chai.

Mama alianza kuugua Novemba 1994, kwa maumivu ya tumbo ambayo aliyaita uchovu, akapata matibabu hapa Musoma, kisha Januari 1995 akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ambako ilibainika ana saratani iliyokwisha kusambaa. Aliomba arudishwe nyumbani. Niliomba likizo, nikahamia Mwigobero, na kwa kuwa alitaka kulala mahali anapoona kibaraza, kitanda chake tulikiweka sebuleni, hivyo nikaingia ofisini kwa mama yangu nikiwa nimebeba beseni na mashuka, bila kuandikwa.

Siku ya Ijumaa tarehe 21 Julai aliniagiza nimletee kitabu cha mwaka 1986, nimsomee mistari iliyobaki wazi, ili amkabidhi Mzee Apolinary. Nilisoma mistari minne nikafika tarehe 15 Machi, nikakuta mwandiko wangu wa kitoto, na mbele yake, katika sehemu ya hatua, mwandiko wa mama, uliowekwa tarehe 24 Machi 1986, siku ile ofisi ilipofunguliwa tena. Umeandikwa hivi, kama ulivyo: Mtoto alifuata utaratibu niliouweka mimi. Kosa ni la katibu, si la Esta. Mlango umeondolewa.

Nililia nikashindwa kuendelea, na mama, akinishangaa kwa dhati, aliniuliza, "Kwani hukuwahi kuusoma? Si kilikuwaga hapo mezani siku zote, wazi?" Alikuwa ameniandikia, mahali pake, kwa kalamu isiyofutika, akaamini amekwisha kuniambia, akasubiri miaka tisa nije niweke sahihi, na kila Krismasi niliyopitia jikoni aliona ni mimi ambaye sijamsamehe. Mimi nilikuwa nje, karatasi ilikuwa ndani, na safari hii hata mlango haukuwepo. Tulishikana mikono mpaka mchana. Alinisogezea kalamu nisaini, nikakataa, nikamwambia nitasaini atakapopona, akacheka kidogo akasema huo sasa si utaratibu.

Hali ilibadilika wiki ya kwanza ya Agosti, akapewa sakramenti ya wagonjwa, na siku ya Ijumaa tarehe 11 Agosti 1995, saa nne asubuhi, saa za kazi, akiwa sebuleni kwake, mimi na Florian tukiwa tumemshika, mama yetu aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Kibarazani walikuwepo watu wawili toka kambini, walioletwa na shida yao bila kujua yetu, na Mzee Apolinary aliwaandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, Baba Paroko na jumuiya ndogo, majirani wa Mwigobero waliopika, kuteka maji na kulala nasi chini siku hizi tatu, walimu wenzangu wa Bunda, wajumbe wa Umoja, wenye mitumbwi waliobeba majina kwa miaka kumi na minne bila kudai kitu, na Fundi Alfonce, ambaye safari hii mbao alizipata mapema. Marehemu ameacha watoto wawili, dada mmoja, na vitabu vinane vya wageni, ambamo mistari mingi imefungwa na mingine bado, nayo imekabidhiwa kwa mwenyekiti mbele ya wazee.

Mstari mmoja zaidi umefungwa leo asubuhi. Kabla jeneza halijafunikwa nilikifungua kitabu cha mwaka 1986 juu ya meza ile ile, penye jina la Esta Maregesi, atokaye jikoni, anayemtafuta mama, na katika sehemu ya mwisho nikaandika kwamba amepatikana, tarehe 21 Julai 1995, nikaweka sahihi yangu. Nimechelewa, Mama, lakini nimesaini. Pumzika sasa kwa amani, na walioko kwenye benchi tutawahudumia sisi.